Damu ya Kina Ayanle

Mimi Sadia sipendi kuingilia nyumba za watu, lakini Idil ni binti wa kaka yangu, na mimi ndiye eddo yake, shangazi. Nilimlea kule Eldas, kwenye ukame, mbu tunawasikia kwa wasafiri. Akaolewa na Ayanle wa Sangailu. Mvua zilipoleta madimbwi hadi mlangoni nikaenda kumwona, maana alikuwa na mimba yake ya kwanza.

Nilimkuta amejifunika blanketi adhuhuri, meno yanagongana. Chandarua alichopewa kliniki kilikuwa kimefunika watoto wa mbuzi.

"Apelekwe hospitali," nikamwambia mama mkwe wake, Ebla.

Akacheka. Zamani Ayanle alipimwa damu Garissa, daktari akamwambia amerithi selimundu kwa mzazi mmoja tu: haimpi ugonjwa, tena humkinga na malaria kali. Basi, tangu hapo ukoo mzima ukawa unatembea kifua mbele.

"Mtoto ni wa baba yake," Ebla akasema. "Akifundishwa kuhesabu mababu, atahesabu wetu. Damu iliyo tumboni ni yetu, malaria haiiwezi."

"Na anayembeba? Damu yake ni ya nani?"

"Huyo ametoka kwenu," akajibu, akaendelea kumimina chai.

Nilikasirika, nikatoka kutafuta gari. Ayanle alikuwa malishoni, na bila neno lake hakuna aliyekubali kutoa gari. Kila asubuhi niliweka kiganja juu ya tumbo lile, nikaona halikui. Viganja vya Idil vikazidi kuwa vyeupe. Halafu akaniambia, "Eddo, leo hajacheza." Wallahi, niliogopa.

Jioni hiyo Ayanle akarudi, tukaenda sote hospitali. Damu ya Idil ilikutwa imejaa malaria. Muuguzi akatueleza kwamba kwa mjamzito vijidudu hujazana kwenye kondo la nyuma, mtoto akakosa chakula na hewa.

"Lakini mtoto ana damu yangu," Ayanle akasema.

"Kinga yako inakulinda wewe. Mkeo huwezi kumwazima."

Alisema hivyo huku akisogeza chombo tumboni akitafuta mapigo ya moyo, kushoto, kulia, chini kabisa. Kisha akakizima.

Ebla akaanza kulia. "Mtoto wetu," akasema, akanyoosha mikono kulishika tumbo.

Idil akaiondoa mikono ile, polepole, kwa adabu.

"Alipokuwa hai alikuwa wenu," akasema. "Huyu niachieni mimi."