Mchawi wa Waimotu

Ripeka Horomona alikata tiketi kama mtalii yeyote ili apelekwe mahali alipozaliwa baba yake. Njia ya zamani ya miguu ilizolewa na mafuriko, na sasa pwani ya Waimotu ilifikika kwa mashua ya kampuni tu. Alikwenda na mdogo wake Kuini, ambaye tangu asubuhi alikuwa akijipiga makofi ya shingo kwa sababu ya usubi.

"Dada, hawa wadudu wananijua kwa jina!"

"Waitikie basi. Pengine ni jamaa zetu."

Waliteremshwa mchangani, watu kumi na wawili na kiongozi wao, Lachlan, mwanamume mchangamfu mwenye ndevu nyekundu. Hapakuwa na nyumba, wala waya, wala barabara. Msitu ulishuka mpaka kwenye magogo meupe yaliyotupwa na bahari, na mawimbi yakijibwaga kwa kishindo hata watu wakalazimika kusemezana kwa kupaza sauti. Sili wawili, wanyama wa baharini waliojilaza mchangani, waliinua vichwa, wakawatazama, wakalala tena.

Nyuma ya magogo palibaki dohani ya mawe peke yake. Ripeka alikuwa na miaka saba alipoiona mara ya mwisho, ikitoa moshi. Alitaka kuigusa, lakini mbele yake palisimama kibao cha mbao: KWA MCHAWI WA WAIMOTU.

"Sogeeni," Lachlan akaita. "Hapa aliishi mwanamke mwendawazimu. Mumewe alimkimbia. Akawa anakula nyama ya sili mbichi, na usiku akiwasha moto ufukweni kuzipotosha meli, zivunjike, apate kuokota mizigo."

Watu wakacheka. Mmoja akapiga picha. Ripeka alihisi masikio yakimwaka moto.

"Alikuwa anaitwa nani?" akauliza.

"Nani, mama?"

"Huyo mchawi wako."

"Ah, jina halijulikani."

"Halijulikani kwako! Anaitwa Hana Horomona. Ni bibi yangu, mzaa baba. Mumewe hakumkimbia, alizama pale mlangoni mwa mto akivua dagaa, na yeye alimwona akizama. Ndiyo maana akawasha moto, miaka ishirini na sita, ili mashua zijue mlango uko wapi. Watu walifika hai kwa moto ule. Wewe unamwita mwizi!"

Kicheko kilikatika. Lachlan akatabasamu kwa shida.

"Mama, samahani, lakini hii ni hadithi tu. Watu wanaipenda. Mimi nasoma karatasi niliyopewa ofisini."

"Aliyeiandika alikuja kumuuliza nani? Sisi tupo mwendo wa saa mbili kutoka hapa. Tuna simu."

"Na nyama ya sili alikuwa anaichemsha," Kuini akadakia. "Kwa vitunguu."

Mzee mmoja mwenye kofia akatazama saa yake, akanung'unika kwamba walikuja kuona mandhari, si kusikiliza ugomvi wa ukoo. Ripeka alikishika kibao kwa mikono miwili akakitikisa. Kuini akaja upande wa pili. Kiling'oka na donge la mchanga.

"Hiyo ni mali ya kampuni!" Lachlan akasema.

"Na hilo ni jiko la bibi yangu."

Alikaa na kibao mapajani njia nzima ya kurudi, na hakuna aliyethubutu kukiomba.

Wiki ya tatu kampuni iliandika barua, ikitaka kibao kirudishwe. Ripeka alijibu kwa kurasa nne, zote habari za Hana, akazituma.

Kiangazi kilichofuata dada hao walikata tiketi tena. Lachlan alipowaona gatini, uso ulimshuka. Kwenye dohani hapakuwa na kibao. Alikohoa, akafungua karatasi mpya.

"Hapa aliishi Hana Horomona, mjane. Inasemekana aliwasha moto kuwaongoza mabaharia..."

"Inasemekana na nani?" Ripeka akamkata. "Mimi nimesimama hapa!"

Watalii waligeuka. Lachlan akaikunja karatasi, akaitia mfukoni, akampisha. Ripeka akaenda kusimama mbele ya dohani, akaanza na siku babu yake alipozama.