Mgeni Aliyekuja na Kitanda Chake

…na choo pia, eti, choo ndani ya gari, kimepakana na sufuria za kupikia, Sebahire aliwaza huku makalio yake yakizama kwenye kile kiti cha turubai kinachokunjwa kama mwavuli, mtu mzima na akili zake anaishi Ulaya, anashusha nyumba yenye magurudumu bandarini Mombasa, anaikokota milima yote hiyo mpaka Gisenyi kwa mama yake mzazi, halafu analala garini, kando ya mto Sebeya, kama dereva wa lori aliyekatikiwa ekseli, na leo ndiyo siku ya mwisho, kesho Gad, mdogo wake, anaondoka, na kile kitanda alichotandikiwa na mama hakijalaliwa na kiumbe ila kuku wa jirani… "Shemeji, sukari mbili ao tatu?" hiyo sauti ya Belyse, mke wa Gad, kutoka ndani, kwenye kijiko chake cha bati na jiko lake dogo la gesi, nani kasema mtu amekuja kunywa chai, amekuja kumchukua mdogo wake, ametumwa, na hakuokotwa njiani, maana harusi za hapa mpaka Goma, ukoo ukitaka msemaji wa kumtoa jasho baba wa bibi harusi mpaka acheke na binti atoke, wanamwita Sebahire, na ndiyo sababu amekitega kiti hiki hapa kwenye ngazi ya mlango, kama kizibo kwenye chupa, akiamka huyo bwana mkubwa hana pa kupitia, atasikiliza… kwetu mgeni huja na njaa, huja na mtungi wa pombe, akizidisha sana huja na mbuzi, lakini kitanda! anayekuja na kitanda chake amekuja kukutangazia kwamba nyumba yako ina kunguni, na majirani wanajua kusoma, jana Nyirarukundo amening'inia juu ya ua, "Mama Sebahire, mutoto wako ya Ulaya iko wapi, ao ni ile voiture, ile gari yake, ndiyo ilimuzaa?" na mama akacheka, kile kicheko cha mtu mwenye jino bovu… mtazame sasa, amelala chali mchana kweupe, mlango wazi, miguu kuelekea nje, na viatu! viatu vya ngozi, kamba zimefungwa fundo juu ya fundo, juu ya shuka jeupe, hata mlevi wa soko la Mbugangari akianguka kuna msamaria wa kumvua kimoja, na ufunguo wa gari unaning'inia palepale kwenye swichi, anamuachia mwizi achukue na nyumba na mke na chai kwa mkupuo mmoja, na gari lenyewe limeegeshwaje, pua barabarani, matako mtoni, katoka Brussels kuja kuona maji, kayapa mgongo, hii nitaianza nayo, Sebahire alijiambia, nitamwambia, Gad, hata ng'ombe akija mtoni huelekeza mdomo… "Nitatia mbili, ndiyo?" tia, tia hata ndoo… na mama naye uzee umemwingia, asubuhi kamshika mkono, "Umuambie tu mulango itabaki wazi, na kitanda nimeisogeza karibu na mulango," mlango wazi! Gisenyi hii! "Mama, mwaka jana tulikuwa tunaweka komeo na pipa ya maji juu yake, leo tumufungulie nani?" mwaka huu wa tisini na tisa, baada ya vita, ndio kwanza watu wanajifunza tena kulala, yeye anataka mlango wazi, "Wewe umuambie," akarudi kwenye maharagwe yake, na Sebahire akaondoka akicheka peke yake, ujumbe gani huo wa kupeleka mbele ya mtu, msemaji wa ukoo anasema mlango, mlango, kama fundi seremala… lori la bia lilipita barabarani, likaingia shimoni, kreti zote zikalia kwa pamoja, na miguu ya Gad ikawa chini, sakafuni, imesimama, kabla macho hayajafumbuka, mkono umekwisha kufika nusu ya njia kuelekea ufunguo, akabaki hivyo, akasikiliza, chupa, ni chupa tu, akajilaza tena, wala hakuwa ameamka… "Ana­fanyaka vile," Belyse alisema, hata hakugeuka, "kila siku," … viatu… maharagwe yako motoni, Kanama, utotoni, jua la saa za kupeleka ng'ombe kivulini, moshi kwenye nyumba ya jirani iliyotiwa moto, mama mbele, na yeye Sebahire amekamata kijikono cha Gad, wanakimbia wakifuata Sebeya, huu huu, wenye maji ya rangi ya chai ya maziwa, na Gad peku, mdogo hivi, analia viatu vyangu, viatu vyangu, vile vya ubatizo ambavyo baba, mwashi wa mapadre, alimletea vimefungwa kwenye gazeti, na baba akasimama, akasema tangulieni, nakuja… na mpaka leo anakuja… miaka yote hii Sebahire ameihesabu ile kuwa siku ya baba, hajawahi kuifikiria kuwa siku ya viatu, na mama alijua, mama kwa macho yake mawili mabovu aliliona gari mara moja tu, pua barabarani, tayari kukimbia, akarudi nyumbani akasogeza kitanda, na msemaji mkubwa, mdomo kama tarumbeta, aliyekusanya vichekesho vya ng'ombe na vya kunguni, alipewa neno moja tu la kubeba, moja, na hilo ndilo aliloliona halifai, shenzi, hata punda hafiki sokoni akiwa ameutupa mzigo na kubaki na kelele zake… mulango itabaki wazi, akajaribu, kwa midomo tu, bila sauti, mulango itabaki wazi, mdogo wangu, neno gumu, halina pa kuchekesha… "Shemeji, chai yako," kikombe kikamjia mkononi, cha moto, nyuma ya gari Sebeya ukiendelea kuporomosha udongo wa Kanama ziwani, naye, taratibu, asije akamwamsha, akakinyanyua kile kiti chake kwenye ngazi, akakiweka pembeni.