Sindano Ilipokatika Mbele ya Mteja

Chiriku alikuwa wa tatu kwenye foleni, na wawili waliomtangulia walikuwa moto wa kuotea mbali. Bwana Suti alivaa viatu vya kujitazamia uso. Msomi alikuja na kompyuta yenye picha zinazocheza. Wote watatu walifuata kitu kimoja: kuiuzia karakana ya sare za shule mashine kumi na mbili za kushona. Chiriku ndiye aliyeitaka oda ile kufa na kupona, maana asubuhi msimamizi wake alimwambia bila kupepesa macho, "Leo ukitoka kapa, eneo lako nampa mwingine."

Wenzake walikaa ofisini kwa mama mwenye karakana, wakitabasamu kama waliopangwa dirishani. Yeye kukaa kimya hakuweza. Jina lile hakuliokota njiani. Akaingia chumba cha kushonea, akavuta kigoda katikati ya mafundi, na haikupita robo saa alishajua nani kachumbiwa, nani kamnunia nani, na kwa nini sindano hazidumu.

"Ona hapa, mwanangu," alisema Bibi Kipimo, mkuu wa mafundi, akimwonyesha kiuno cha suruali, pale mkanda unapokutana na mshono wa nyuma. "Kitambaa kimejirundika mara sita. Mashine zetu zikifika hapa zinakohoa, halafu kwaa!"

"Na hao wauzaji wengine mmewaambia?"

"Nani katuuliza? Wametupita kama mapazia."

Maonyesho yakaanza humohumo chumbani. Bwana Suti alitoa kitambaa chake laini, kimepigwa pasi, akashona mstari ulionyooka kama rula. Msomi naye, hataki kushindwa, akashona ua lenye majani. Mama mwenye karakana akaitikia kwa kichwa, kaanza kulegea.

Zamu ya Chiriku ikafika. Vijitabu vyake havikutoka hata mkobani.

"Bibi Kipimo, lete kile kiuno cha suruali. Na uje ukae wewe kwenye mashine yangu."

"Heee! Leo kuna mambo!" akadakia fundi mmoja.

Bibi Kipimo akakaa, akakanyaga. Mashine ikala tabaka la kwanza, la pili, la tatu... kwaa! Sindano ikaruka vipande viwili.

Bwana Suti alicheka mpaka mabega yakacheza. Eneo lake lote Chiriku alianza kuliona mikononi mwa mtu mwingine. Bibi Kipimo akaokota kipande cha sindano, akakisogeza karibu na jicho.

"Nani kakufungia sindano ya kushonea leso?"

"Mimi mwenyewe."

"Kwani wewe kushona hujui?"

Angeweza kudanganya, mdomo anao. "Hata kifungo, mama yangu! Mimi kazi yangu kuuza. Ndiyo maana nimekukalisha wewe."

Chumba kizima kikaangua kicheko. Mtu akarusha pakiti ya sindano nene, Bibi Kipimo akabadilisha moja kufumba na kufumbua, akakanyaga tena. La nne. La tano. La sita! Mashine ikapita pale kama kisu kwenye siagi, haikukohoa hata kidogo. Vigelegele vikatikisa madirisha.

"Nipishe na mimi!"

"Aka, mimi ndiye niliyetoa sindano!"

Mama mwenye karakana akamgeukia Bwana Suti. "Na yako wakae waijaribu."

"Ah, mama, hii ni ya maonyesho. Wataniharibia."

"Kama suruali moja itaiharibu, suruali elfu moja je?"

Msomi, kwa haki, aliiruhusu yake. Ikakwama tabaka la nne na uzi ukajifunga mafundo. Naye akajikuna kisogo.

"Basi nimeona," mama akasema. "Chiriku, nataka kumi na mbili, wiki hii hii. Na zikija, sindano atafunga Bibi Kipimo. Wewe usiguse!"

"Sigusi, mama! Nikiguswa na kishawishi, nifungeni mikono!"

Alisaini karatasi akiruka kama mtoto aliyefaulu mtihani. Alipogeuka kuichukua mashine yake airudishe kwenye boksi, hakuiona meza wala mashine. Mafundi walikuwa wameizunguka bega kwa bega, na ndani ya duara hilo suruali ya tatu ilikuwa tayari inashonwa.

"Jamani, hiyo ni ya kampuni!"

"Mwambie msimamizi wako," Bibi Kipimo akajibu bila kuinua kichwa, "alete kumi na moja zilizobaki."