Wasifu wa Mpishi wa Kikosi

Kesho yake ndiyo yalikuwa mazishi, na binti wa marehemu, fundi cherehani, alikuwa bado anaikodolea macho karatasi ya wasifu wa baba yake. Mstari mmoja tu: "Marehemu alilitumikia jeshi miaka ishirini na miwili." Kalamu iligoma hapo. Mzee hakuwa mtu wa kusimulia vita. Ukimuuliza, alikukatiza: "Mimi nilikuwa mpishi tu, mwanangu. Vita waulize wenye bunduki." Utotoni, wenzake wakijigamba kwa baba zao, binti aliona haya kusema wake alikuwa mpishi.

Alasiri akaingia mzee mwenye mkongojo, koti limempwaya, jicho moja limefumba.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Pole, binti. Nilikuwa kikosi kimoja na baba yako. Ndiye wewe uliyezaliwa tukiwa vitani? Barua ilipofika aliisoma na kuirudia mpaka maharage yakaungua. Tulikula masizi siku ile, na hakuna aliyethubutu kununa!"

Fundi akacheka, machozi yakamtoka hapo hapo. Akamvutia mgeni kiti.

"Tulizingirwa siku tisa," mzee akaendelea. "Kila alfajiri alitufikia akitambaa, dumu la uji mgongoni. Siku ya saba nikajeruhiwa macho. Nikagoma kula, nilitaka nife. Akanishika kidevu: 'Sijawahi kurudisha sufuria na chakula ndani. Usiniharibie jina.' Nikala kwa kumwonea haya. Alinilisha kwa kijiko wiki nzima, hata mzingiro ulipokwisha."

"Mbona sisi hakutuambia?"

Mzee akaulaza mkongojo magotini. "Angeanza kusimulia, angelazimika kuwataja wale ambao uji uliwakuta wameshaaga dunia. Kumi na mmoja. Kila tulipoonana alinitajia wote."

Binti akaivuta karatasi. "Nitajie na mimi."

Mazikoni alisoma majina hayo kabla ya cheo cha baba yake. Ndugu wakaanza kunong'ona: wasifu wa nani huu? Shangazi, dada wa marehemu, akawageukia. "Mwacheni asome. Hao ndio waliokuwa wakimwamsha kaka yangu usiku."

Binti alisoma vizuri hadi jina la kumi. La mwisho lilikuwa la kijana wa miaka kumi na tisa, na sauti ikamkatika. Mzee wa mkongojo akasogea, akasimama bega kwa bega naye, akalitaja kwa niaba yake.