Jioni Taa Haikuwaka

Jumapili ile ya mwaka 1956 Wakristo wa Kibati walipanda meli ndogo kutembelea Ziwa Kivu, wakiimba na kula ndizi za kuchoma. Habarurema peke yake hakuimba. Mkewe, Ernestine, alikaa karibu naye ameshika ua. Walikubaliana walitupe pamoja, pale ilipozama meli iliyokuwa imembeba mtoto wao Honoré, miaka sita iliyopita.

Zamani hizo Habarurema alikuwa mlinzi wa taa ya bandari ya Goma, juu ya mawe meusi ya volkano. Jioni ya ajali, mama yake Ernestine alikuwa amekufa, bado hajazikwa, na katika ukoo wao mfiwa hawashi moto wa aina yoyote kabla ya mazishi. Ernestine alimshika mikono, akamlilia asiguse hata kiberiti. Akamtii. Masikini, nani angejua kwamba Honoré angerudi siku hiyohiyo? Meli ikaparamia mawe.

Hapo Habarurema alidanganya mara mbili. Alimwambia mkewe kwamba taa aliiwasha kwa siri, ila ukungu ukaificha. Alimwambia mkubwa wa bandari kwamba alilewa, asije akaenda kumhoji mfiwa wa misiba ile miwili kule nyumbani. Akafukuzwa kazi, wakahamia Kibati, na siri akaimeza.

Sasa Grégoire, karani aliyekuwa akiwaonyesha ziwa, akanyoosha kidole kwenye mnara mdogo wa taa.

“Ni hapa bato ilizamaka. Ukungu haikukuwa. Taa haikuwaka, sababu mwenye kuichunga alikuwa mulevi. Ni vile barua za biro ya bandari zinasema.”

Watu wakasonya. Ernestine akamgeukia mumewe.

“Papa Honoré, uliniambiaka kama uliiwasha.”

Neno moja tu la kweli, kwamba hakuiwasha kwa kumtii yeye, na Ernestine angeubeba mzigo huo mpaka kaburini. Habarurema alimpenda mno.

“Sikuiwasha. Nilikunywa kasiksi, nikalala.”

“Haikukuwa sababu ya kilio ya mama?”

“Hapana. Ilikuwa pombe.”

Ernestine aliinuka, akaenda upande wa pili wa meli, akalitupa ua peke yake. Hakurudi kukaa naye. Habarurema alibaki na kikapu cha ndizi magotini, machozi yakimtoka, akimshukuru Mungu kwamba mkewe amemwamini.