Kreti Chini ya Koti

Kaka yangu ni fundi wa kuchomelea, mtu wa maneno machache, ila ukimtajia soda anawaka. Kila Jumamosi timu ya watoto ikimaliza mechi, wazazi wanagawa soda, keki, chipsi zinazochuruzika mafuta na pipi za rangi zote. Ukiniuliza mimi, mechi ilikuwa kisingizio tu. Watu walikuja kula. Na binti yake kaka, tuliyemwita Kiberiti kwa wepesi wake, alikuwa na kisukari, kile cha kuchomwa sindano kila siku.

"Atakayempa mwanangu kitu kitamu, tutaonana wabaya!" kaka aliwaambia kocha na wazazi pale uwanjani. Wakanywea wote.

Nusu ya pili ya maneno hakuwaambia: kwamba mtoto akikimbia sana baada ya sindano, sukari inaweza kushuka ghafla, na hapo hiyo soda ndiyo dawa. Mimi shangazi mtu nilimsihi, "Waambie yote." Akanijibu, "Dada, nikiwafungulia mlango huo, kila Jumamosi watampa soda, waseme alikuwa anatetemeka." Pakiti ya glukosi aliibeba mwenyewe kwenye mfuko wa shati, na hakukosa mechi.

Mpaka Jumamosi ile alipoitwa kuchomelea geti la watu. Shati likaenda naye.

Nilikuwa saluni namsuka mteja, kocha akapiga simu. "Shangazi, njoo umchukue Kiberiti. Amechoka, amelala."

Amelala! Nilimwacha mteja na nusu kichwa, nikatoka mbio, kitana mkononi. Nikamkuta kwenye benchi, jezi imelowa jasho, wamemwekea kitambaa cha maji kwenye paji la uso. Pembeni kulikuwa na kreti ya soda, imefunikwa koti la kocha.

"Hii mmeifunika ya nini?"

"Asiione, shangazi," alisema kocha, tena kwa kujisifu kidogo. "Ameomba huyo! Amelia kabisa, eti anatetemeka, akipata soda atakuwa sawa. Tukacheka. Tukamwambia, mjanja wewe, tutakusema kwa baba yako."

"Mungu wangu! Mmemmaliza mtoto!"

Nilivuta koti, nikafungua chupa kwa meno, nikamtilia mdomoni. Ikatoka yote pembeni ya midomo, ikaingia kwenye kola ya jezi. Alikuwa hawezi tena kumeza.

Hospitali walihangaika naye mpaka Jumatatu. Tukamzika Jumanne.

Kocha alikuja msibani na soda za wageni. Soda! Akaitua kreti mlangoni, hajui pa kuangalia. Nilishika chupa nimrushie, wallahi, kaka akanizuia mkono. Alikuwa bado na shati lile, pakiti mfukoni.

"Aliomba mara ngapi?" alimuuliza kocha, taratibu.

"Mpaka alipolala, mzee." Kocha alikuwa analia. "Tulikuogopa. Ulisema tusimpe."

Nilingoja kaka amvamie. Nilitaka amvamie, sifichi. Lakini alivuta kiti, akakaa karibu na ile kreti, akamwangalia yule kijana.

"Ndiyo," akasema. "Mlifanya kama nilivyosema."