Chupa Hufunguliwa Machoni pa Mnywaji

Mkwe hatukanwi. Kwetu Bafoussam hivyo ndivyo ilivyo, na nadhani ni hivyo popote penye watu wenye adabu. Mume wa binti yako akikukera, unameza. Mimi nilimeza wiki nzima mpaka koo likaniwasha.

Mkwe wangu anaitwa Anicet. Ni mtoto wa mchungaji, alikuwa mwalimu wa watoto wadogo mpaka shule yao ilipofungwa, na pombe alikuwa haijui hata kwa ncha ya ulimi. Alimwapia baba yake angali kijana. Huyo ndiye niliyemweka kaunta ya baa yangu, na msinicheke. Wahudumu wawili waliomtangulia walikunywa mali yangu huku nikiwaona, nikasema basi, bucha nimeshawapa fisi kiasi cha kutosha, safari hii nampa mbuzi. Tena goti langu lilikuwa limekwisha. Jumanne nilitakiwa kulazwa Yaoundé nipasuliwe, na daktari alishanionya kwamba nitakaa muda mrefu bila kusimama. Nisipopata mtu wa kunishikia baa, nitarudi na goti zima nikute milango imefungwa.

Nilidhani kazi ya baa haina mafunzo. Mtu anazaliwa mtaani, anatumwa bia na baba yake, anakua, anajua. Nilisahau kwamba baba yake huyu alikuwa akimtuma vitabu vya nyimbo.

Siku ya kwanza aliingia dereva wa pikipiki, akakaa. Anicet akamwendea, mikono ameikunja kifuani.

"Karibu sana, ndugu mpendwa. Ungependelea kinywaji gani?"

Yule dereva akageuka nyuma kutazama kama kuna mgeni wa serikali.

Nikamwita pembeni. "Anicet, mtu akikaa na bia yake inajulikana, unamuuliza neno moja. Ya baridi au ya moto? Basi."

"Kuna watu wanakunywa bia ya moto, Mama?"

"Wapo. Na usije ukawatazama hivyo unavyonitazama."

"Ndiyo, Mama."

Hiyo "ndiyo, Mama" yake ingenitoa roho. Aliitamka vizuri, kama mwanafunzi wa mbele darasani, kisha akaenda kuharibu kitu kingine. Mchana huohuo dereva yule alikwenda msalani, na aliporudi alikuta meza inang'aa. Chupa zake tupu zote zimeondolewa, kitambaa kimepita, hata ua la plastiki limewekwa katikati.

"Nani kanichukulia chupa zangu?" akauliza. Alikaribia kulia, mtu mzima na ndevu zake.

"Meza ilikuwa chafu, kaka," Anicet akamjibu.

"Chafu? Nimekaa hapa tangu saa ngapi, halafu washikaji zangu wakipita waone nimekaa na ua?"

Nikalazimika kumpa bia ya kumtuliza, ya kutoka mfukoni mwangu. Nikamweleza mkwe wangu, taratibu, kwa sauti ya mtu anayemlaza mtoto, kwamba chupa tupu haiondoki mezani mpaka mwenyewe aondoke. Ndiyo hesabu yake, isigombaniwe, na ndiyo heshima yake, apitaye barabarani aone fulani leo amekaa na amekunywa.

"Ndiyo, Mama."

Jumamosi nilimvisha kifungulio shingoni, kile changu cha miaka yote, chenye kamba.

"Chupa inafunguliwa wapi?" nikamuuliza.

"Kaunta."

Nikameza.

"Inafunguliwa machoni pa anayekunywa, baba. Unaipeleka na kizibo chake, unamwonyesha, akitaka kuigusa aiguse, ndipo unafungua. Kizibo unakiacha mbele yake."

"Kwa nini, Mama?"

Kwa nini! Mtu ana mke, ana mtoto, amezika watu mjini hapa, ananiuliza kwa nini.

"Kwa sababu watu hufa, Anicet, na wanaobaki huuliza alikunywa kwa nani."

"Ndiyo, Mama."

Sasa sikilizeni ya Jumapili. Jumapili ndiyo baa yangu. Siku nyingine ni za kupoteza muda, lakini Jumapili mchana chama chetu cha upatu kinakutana kwangu, na wakimaliza mambo yao wanakunywa na kula mpaka jua linapunguza ukali. Chama kikihama, baa imekufa. Na ng'ambo ya barabara kulikuwa kumefunguliwa baa mpya yenye viti vya mito, ikitukodolea macho.

Katika chama kuna Tchinda, muuza matairi, na kuna Wabo, seremala. Kaka yake Tchinda, marehemu Sopgui, alikuwa rafiki wa kufa na kuzikana wa Wabo. Alifariki ghafla, na chakula chake cha mwisho alikila nyumbani kwa Tchinda. Hospitali walisema ini. Lakini hospitali nani anaisikiliza msibani? Wabo aliuliza mbele ya kaburi, "Jamani, mara ya mwisho alikula wapi?" Hakuongeza neno. Halikuhitaji kuongezwa.

Tangu hapo, kila Jumapili Tchinda anaagizia watu bia, na kila Jumapili watu wameshiba. Huyu ana dawa za tumbo, yule amefunga, yule ataendesha gari ambalo hana. Chupa zinasimama mezani na vizibo vyake, na wakiondoka mimi nazirudisha kwenye friji. Tchinda anaziona. Alikonda jamani, mpaka kola ikawa inamzunguka shingo.

Jumapili hiyo nilikuwa nimekaa mlangoni mwa jiko, goti juu ya kreti, natoa magamba ya samaki. Nilimwona Tchinda akienda kaunta, akimwinamia Anicet sikioni. Nikamwona Anicet akiitikia kwa kichwa, kwa furaha. Kisha akaja na sinia, anatembea haraka, na chupa zote zinatoa povu.

Akasimama mbele ya Wabo, akatumia ile sauti yake ya darasani.

"Mzee Wabo, hii imetoka kwa Baba Tchinda, kwa upendo."

Wabo aliutazama mdomo wa chupa.

"Kizibo kiko wapi?"

"Kiko kaunta, Mzee. Nimewafungulia tayari ili msisubiri."

Wabo akaisukuma ile chupa kwa kidole kimoja, ikaenda mpaka katikati ya meza.

"Tchinda," akasema, bila kumtazama, "leo umeniletea iliyofunguliwa."

Basi lilikuwa limesemwa. Lile ambalo watu walikuwa wakilisema jikoni na vitandani sasa lilikuwa mezani kwangu, na aliyelileta kwenye sinia ni mkwe wangu.

"Sikumwambia afungue," Tchinda akasema.

"Mimi sijasema umemwambia."

Wanawake wakaanza kuokota mikoba. Mama Djuidje, mweka hazina wetu, akasema Jumapili ijayo afadhali tujaribu kule ng'ambo, kule angalau watu wanafunguliwa mbele ya macho yao. Nilikasirika. Nilimkasirikia Anicet, na Wabo, na marehemu aliyeshindwa kula kwake siku hiyo. Jambo kama hili lina dawa moja tu. Mwenye baa anakwenda, anaionja chupa mbele ya watu, midomo ilowe tu, yamekwisha. Nikashika ukuta ninyanyuke. Goti likakataa. Nikashika tena.

Anicet alikuwa bado amesimama na sinia. Alimtazama Wabo, akaitazama chupa, akamtazama Tchinda, ambaye alikuwa amekalia mikono yake. Nadhani hapo ndipo lile somo la Jumamosi lilipomfikia. Akaweka sinia chini.

"Kosa ni langu," akasema. "Baba Tchinda hajaigusa hii chupa."

Akaichukua akainywa.

Hakuonja. Kuonja nilikuwa sijamfundisha. Aliiinua kama mtoto anayelazimishwa mwarobaini, macho ameyafumba, machozi yanamtoka, povu linashuka kwenye shati la kanisani, na hakuitua mpaka ilipokwisha. Mtu aliyemwapia baba yake. Kisha akasimama palepale, mikono kifuani, na sisi sote tukamtazama, na ninyi mnajua tulikuwa tunangoja nini.

"Ni chungu," akasema. "Ndivyo inavyotakiwa kuwa?"

Mama Djuidje alicheka, akajiziba mdomo. Wabo hakucheka. Aliendelea kumtazama Anicet usoni, na Tchinda aliendelea kumtazama Wabo. Anicet akapiga kwikwi, akaomba radhi, akapiga nyingine. Alikuwa mzima kabisa, isipokuwa macho yaliyokuwa mekundu.

"Hiyo umeinywa wewe," Wabo akasema mwishowe. "Bado sijapata yangu. Niletee ile niliyonunuliwa na Tchinda."

Anicet akafuta midomo. "Ya baridi au ya moto, Mzee?"

"Ya moto."

Na hakumtazama vibaya. Alikwenda kaunta akijishikilia viti, akarudi na chupa, akamwonyesha. Wabo akapitisha kidole juu ya kizibo, pole pole, kama anavyopima ubao. Anicet akafungua. Akaweka kizibo mbele yake. Wabo akamimina, akanywa.

Tchinda akatoa leso, akasema moshi wa samaki wangu unaumiza macho. Samaki wangu walikuwa bado kwenye beseni, na jiko sijaliwasha. Hakuna aliyemwambia. Wale wenye dawa za tumbo wakaanza, mmoja mmoja, kuagiza zao zenye vizibo, na Mama Djuidje akarudisha mkoba wake chini ya kiti. Mimi nikakaa tena. Nilifikiria kiapo cha mtoto wa watu, na nitakavyomweleza binti yangu, na kwamba sasa hata mbuzi wangu ameshaonja nyama.

Jua likashuka. Wabo alimaliza chupa yake, akavaa kofia. Na hapo ndipo nilipomwona Anicet anakuja, kitambaa mkononi, anayumba, mkono ameshaunyosha kwenye ile chupa tupu ya Wabo. Wiki nzima niliyomeza ikapanda yote. Nikafungua mdomo. Mkwe au si mkwe, siku hiyo angenisikia.

Wabo akawahi kuweka kiganja chake juu ya chupa.

"Iache hapo, kijana," akasema. "Watu wanapita."

Anicet aliitazama ile chupa. Akaishika shingoni, akaisogeza mpaka ukingo wa meza, upande wa barabara, akaondoa ua la plastiki lililokuwa linaikinga. Kisha akafuta meza kuizunguka.

Nikafunga mdomo wangu. Jumanne nikaenda Yaoundé.